Mwanangu, Usiitupe Njia ya Data

Mwanangu, karatasi zako nimezisoma zote, za kaunti za Embu na Meru, na nimezisoma polepole kwa sababu macho yangu siku hizi hayapendi haraka. Kazi umeifanya. Majedwali yamepangwa, michoro inaeleweka, na nia yako ni njema. Lakini lipo jambo ambalo nimewaambia wengi kabla yako, na nitakuambia na wewe, ingawa kwa kweli nimechoka kulisema. Data ya utafiti wa kaya ni majibu ya watu pamoja na njia iliyotumika kuwafikia watu hao. Wewe umechukua majibu, njia ukaitupa.

Umefungua faili la wanawake la KDHS, ule Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022. Ukawabakiza wa kaunti hizi mbili, ukawajumlisha, ukagawanya, ukaandika asilimia yenye desimali mbili. Kila mwanamke umemhesabu moja. Ungekuwa sahihi kama majina ya wanawake wote wa Kenya yangeandikwa kwenye orodha moja na kuchaguliwa kwa kura moja. Hakuna aliyefanya hivyo, na hakuna serikali yenye fedha za kufanya hivyo.

Sikiliza jinsi ilivyofanyika. Sensa ya Agosti 2019 iliigawa nchi katika maeneo ya kuhesabia 129,067, kila moja na ramani yake. Kutoka humo Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lilichagua maeneo 10,000 yawe ghala la kuchotea sampuli za tafiti zitakazofuata. Kabla ya kuchagua, kila kaunti iligawanywa sehemu mbili, mjini na mashambani, isipokuwa Nairobi na Mombasa ambazo hazina mashambani. Kaunti 45 mara mbili ni 90. Ongeza hizo mbili upate 92. Hayo ndiyo matabaka. Ndani ya kila tabaka vikachaguliwa vishada, yaani maeneo madogo ambayo mdadisi anaweza kuyamaliza kwa miguu. Kwa nchi nzima vilikuwa 1,692: 1,026 vya mashambani na 666 vya mjini. Watu wakaenda kwanza kuorodhesha kaya zote za kila kishada, kisha kaya 25 zikachaguliwa katika orodha hiyo. Mwishoni kaya 37,911 zikahojiwa, na wanawake 32,156 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wakajibu maswali ambayo wewe umeyafungua kwa sekunde chache kwenye meza yako.

Sasa tuanze na uzani, maana hapo ndipo jedwali lako la kwanza lilipoanguka.

Sensa hiyo ya 2019 ilihesabu watu 1,545,714 Meru na 608,599 Embu. Meru ni kama Embu mbili na nusu. Utafiti ulitakiwa uipe kila kaunti takwimu zake, kwa hiyo kaunti zenye watu wachache zilipewa sehemu ya sampuli iliyo kubwa kuliko sehemu yake ya watu. Lamu yenye watu 143,920 haikuweza kuachwa na vishada viwili vitatu kwa sababu tu Nairobi ina watu 4,397,073. Huo ni uamuzi wa haki. Ila una gharama, na gharama hiyo hulipwa na mchambuzi. Mhojiwa katika utafiti huu ni kama mjumbe aliyetumwa barazani: huwezi kuhesabu mikono iliyoinuliwa bila kuuliza kila mjumbe ametumwa na watu wangapi. Aliyetumwa na kaya 500 na aliyetumwa na kaya 200 hawana sauti sawa. Uzani ndio unaokuambia nani katumwa na wangapi, na ndani yake tayari wamefikiriwa waliokataa kuhojiwa na ambao hawakupatikana.

Nitakupa mfano wa kubuni, uone kwa macho yako. Tuseme umehoji watu 400 Meru na 400 Embu. Tuseme asilimia 30 ya Meru wana maji ya bomba uani, na Embu ni asilimia 60. Ukijumlisha bila uzani utaandika asilimia 45. Ukiwapa watu wa kila kaunti uzito wao wa sensa, jibu ni asilimia 38 na nusu. Tofauti hiyo ni karibu pointi sita na nusu, na katika watu milioni mbili na zaidi wa kaunti hizi ni kama watu 140,000 ambao umewapa bomba kwenye karatasi huku nyumbani wakiwa na mitungi kichwani.

Katika faili lako uzani wa mwanamke umeandikwa v005, bila nukta ya desimali. Gawanya kwa 1,000,000. Uzani wa kaya ni hv005, wa mwanamume ni mv005. Usizichanganye, maana wanaume waliojibu walikuwa asilimia 87 ya waliostahili na wanawake asilimia 95. Kisha kumbuka kwamba uzani huu umesawazishwa ili jumla yake ilingane na idadi ya waliohojiwa nchini kote. Ndiyo maana jedwali la ripoti linaweza kuonyesha wanawake wachache wa kaunti yenye watu wachache kuliko wale ambao wadadisi waliwahoji kweli. Si kosa la chapa. Na usijaribu kuutumia kupata idadi kamili ya wanawake wa Embu. Hiyo idadi itafute kwenye sensa.

Upo uzani mwingine, d005, na huu naomba uushike kwa mikono miwili. Ni wa maswali ya ukatili nyumbani. Maswali hayo aliulizwa mwanamke mmoja tu katika kaya, faraghani, ili mwingine wa nyumba hiyo asijue kilichoulizwa na mtu asije akaumizwa kwa kusema ukweli. Basi mwanamke wa nyumba yenye wanawake watatu anawasemea watatu, na wa nyumba yenye mmoja anajisemea mwenyewe. Wewe umetumia v005 katika sura nzima ya ukatili. Wale wanaoishi katika maboma yenye watu wengi, mama, wakwe na mabinti, umewapunguza sauti bila kukusudia. Rudia sura hiyo yote.

Najua utasema: lakini nimetia uzani, mzee, katika jedwali la pili. Ndiyo, nimeona. Na hapo ndipo wengi huketi wakidhani safari imekwisha. Uzani unanyoosha asilimia. Hauwezi kukuambia asilimia hiyo inayumba kiasi gani. Kazi hiyo ni ya matabaka na vishada.

Watu wa kishada kimoja hufanana. Wananywa maji ya mto mmoja, wanatembelea zahanati moja, bei ya majani ya chai inawapandia na kuwashukia siku moja. Ukishazihoji kaya kumi za Kianjokoma, kaya ya kumi na moja haikuambii mengi mapya. Leslie Kish, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Michigan, alieleza jambo hili vizuri katika kitabu chake cha 1965, na hesabu yake ni fupi: chukua idadi ya kaya katika kishada, toa moja, zidisha kwa kiwango cha kufanana kwao, ongeza moja. Kaya 25, kufanana kwa 0.05, ambako ni kudogo sana: 24 mara 0.05 ni 1.2, ongeza moja upate 2.2. Sasa gawanya. Kaya 900 zilizokusanywa namna hiyo zina nguvu ya kaya 409 zilizochaguliwa mojamoja. Uwezekano wa makosa ambao wewe umeuandika kuwa jumlisha au toa asilimia 3.3, kwa kweli ni karibu 4.8. Na kwa mambo ambayo watu wa kijiji kimoja hufanana zaidi, kama maji, umeme na aina ya choo, kufanana kunazidi hapo kwa mbali.

Kwa hiyo unaposema Meru imeipita Embu kwa pointi nne na tofauti hiyo ni ya kweli, kompyuta imekudanganya kwa sababu wewe uliidanganya kwanza. Uliiambia kila mwanamke amechaguliwa peke yake.

Jambo hili halianzi na KDHS hapa kwetu. Kule Kyeni, Embu, mwaka 1998, ulianza utafiti wa lishe ya watoto wa shule ambao bado unasomwa duniani. Shule 12 ziligawanywa katika makundi manne: githeri yenye nyama, githeri pamoja na maziwa, githeri iliyoongezwa mafuta, na kundi ambalo halikupewa chakula. Watoto walikuwa mamia, lakini kura ilipigwa kwa shule. Kila kundi lilikuwa na shule tatu tu. Mchambuzi anayehesabu watoto na kusahau shule atajipa uhakika ambao Kyeni haikumpa.

Matabaka yenyewe ni rafiki yako, ndiyo maana inaniuma unapoyaacha. Mwanatakwimu Jerzy Neyman alionyesha huko London mwaka 1934 kwamba ukiwagawa watu kwanza katika makundi yanayofanana ndani yake, kisha ukachagua kwa bahati nasibu katika kila kundi, unapata uhakika zaidi kwa gharama ileile. Usipoitangazia programu matabaka, unatupa faida ambayo nchi imeshailipia. Tangaza vyote vitatu: uzani, kishada ambacho ni v021, na tabaka ambalo ni v022 au v023 kutegemea utafiti. Ili ujue ni ipi kati ya v022 na v023, fungua kiambatisho cha mwisho wa ripoti kinachoeleza sampuli. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Stata ina svyset. R ina kifurushi alichokiandika Thomas Lumley, na humo utaanza na svydesign. Ni mistari miwili mitatu. Uvivu hauna kisingizio hapa.

Lakini utangaze kabla ya kukata. Hili nitalirudia hadi likae. Wewe ulitaka wanawake wenye watoto chini ya miaka miwili, ukawafuta wengine wote kwenye faili, ndipo ukatangaza mpangilio wa sampuli. Vishada ambavyo havikuwa na mama wa aina hiyo vikapotea kabisa, kana kwamba havikuchaguliwa kamwe. Vilichaguliwa. Kupata sifuri katika kishada ni habari, na habari hiyo inaingia katika hesabu ya kuyumba. Kisha ukabaki na tabaka lenye kishada kimoja, programu ikakuandikia kwamba haiwezi kupima makosa, nawe ukalifuta tabaka zima ili ujumbe uondoke. Mwanangu! Hao ni watu wa mjini wa kaunti nzima. Tangaza mpangilio kwenye faili lote, halafu iambie programu ihesabu kwa kundi dogo unalolitaka. Kubakiza Embu na Meru peke yake hakuna ubaya, kwa kuwa kila kaunti ina matabaka yake na hayategemei ya jirani. Kukata kwa umri, kwa elimu au kwa kuwa na mtoto ndiko kunakoleta balaa.

Sasa nije kwenye Mlima Kenya, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Anayeijua Embu anajua kwamba kaunti hii ni ngazi. Juu ni msitu, chini yake chai, kisha kahawa, halafu ukiteremka kuelekea Siakago na Kiritiri unaingia nchi ya mtama, ndengu, muguka na mbuzi, hadi bonde la mto Tana ambako ardhi hushuka hadi karibu mita 500 tu juu ya bahari. Meru nayo ina Timau ya ngano na mashamba ya maua, Imenti ya chai na kahawa, Igembe ya miraa, na chini kule nyanda kavu zinazopakana na mbuga. Ralph Jaetzold na Helmut Schmidt waliichora mikanda hii katika kitabu chao cha usimamizi wa mashamba mwanzoni mwa miaka ya 1980, na maafisa wa kilimo wanaitumia hadi leo. Mvua, chakula, mapato na umbali wa kisima hubadilika kwa mwendo wa saa moja wa matatu.

Lakini tabaka la KDHS halijui chai wala mtama. Linajua mjini na mashambani. Mashambani ya Embu ni tabaka moja, Kyeni ya juu na Mbeere ya chini ndani yake. Sampuli ilipimwa ili itoe jibu la kaunti, basi. Wewe umeichukua ukaikata katika kaunti ndogo nne, ukaandika Mbeere Kusini asilimia hii, Manyatta asilimia ile. Ukigawanya vishada vya nchi kwa kaunti 47 utapata wastani wa 36 kwa kaunti. Gawanya kwa nne: tisa. Halafu ukachuja kina mama wenye watoto wadogo. Umebaki na vijiji vichache, na kwa vijiji hivyo unataka kumweleza mtu wa bajeti wapi pajengwe na wapi paachwe.

Tena ulizipata kaunti ndogo hizo kwa kuangalia alama za vishada kwenye ramani. Alama hizo zimesogezwa kwa makusudi, ili mtu asije akamtambua aliyehojiwa: mjini hadi kilomita 2, mashambani hadi 5, na chache za mashambani hadi 10. Zinalindwa zisitoke nje ya kaunti. Katika nchi tambarare kilomita tano zinaweza zisikudhuru sana. Kwenye mteremko wetu zinaweza kumtoa mtu kwenye chai zikamweka kwenye kahawa. Ramani yako ya rangi nne inapendeza, lakini iondoe.

Naielewa hasira yako ya kutaka takwimu za Mbeere. Ni hasira njema, na sisi wazee tuliijua kabla yako. Tulikaa miaka mingi ndani ya Mkoa wa Mashariki, makao yake makuu yakiwa hapa Embu, na mkoa huo ulianzia mpaka wa Ethiopia hadi Makueni. KDHS ya mwaka 2008 na 2009 ilikuwa na vishada 400 kwa Kenya nzima, na majibu yalitolewa kwa mkoa. Mkulima wa chai wa Runyenjes na mfugaji wa Marsabit walipewa asilimia ileile moja. Katiba ya 2010 ilileta kaunti, na KDHS ya 2014, yenye vishada 1,612, ndiyo ya kwanza kuipa kila kaunti takwimu zake. Hatua hiyo ilitengenezwa na watu waliotafuta fedha, wakaongeza vishada na kutuma watu wengi zaidi vijijini. Haikutengenezwa na mchambuzi aliyekata faili dogo vipandevipande.

Kama Mbeere inahitaji takwimu zake, na naamini inazihitaji, basi fanya utafiti wa Mbeere. Umeniambia mwakani mtapata fedha za kuhoji wakulima wa kaunti zote mbili. Hapo ndipo uweke matabaka unayoyataka, kabla ya kwenda, kwa kufuata mikanda ya mlima: chai, kahawa, pamba na mtama, na Igembe ya miraa peke yake. Chukua vishada vingi vyenye kaya chache. Kaya 10 katika vijiji 40 zitakufundisha zaidi ya kaya 40 katika vijiji 10, hata kama nauli itapanda. Usiweke kishada kimoja katika tabaka. Viwili ni vya lazima, na vitatu au vinne ni vya busara, maana barabara hukatika mvua za Aprili. Na uandike nafasi ya kila kaya kuchaguliwa siku ileile inapochaguliwa, si baada ya miezi mitatu kwa kukumbuka.

Waambie wadadisi wako wasibadilishe nyumba. Wakikuta mlango umefungwa kule Laare, Igembe, saa tatu asubuhi, wenyewe wako shambani wanachuma miraa. Warudi jioni, na warudi tena kesho. Wakimchukua jirani aliye nyumbani, watakusanya wagonjwa, wazee na wasio na kazi, na utafiti wako utasema Igembe ni nchi ya watu wasiofanya kazi. Nimewaona vijana wazuri wakifanya hivyo kwa sababu jua ni kali na gari linasubiri. KDHS hairuhusu kubadilisha kaya iliyochaguliwa, na wewe usiruhusu.

Basi nakuomba hivi. Zuia ripoti hii isiende kwa waheshimiwa wiki hii. Rudia jedwali la kwanza kwa uzani, sura ya ukatili kwa d005, na majedwali yote kwa vishada na matabaka yaliyotangazwa kwenye faili zima. Ondoa kaunti ndogo na ramani. Kila asilimia iandikie pembeni uwezekano wake wa makosa, na desimali moja inatosha. Pale Embu na Meru zitakapokaribiana mno, andika kwamba data hii haiwezi kuzitenganisha. Ukimaliza, niletee tena, nitaisoma.